Mnara wa Rasi Mwangare

Ukuta wa chokaa hauvishwi saruji. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkacheka, sasa mwataka kujua msemo huu umetoka wapi. Chimbuko lake ni hili.

Katika Rasi Mwangare palikuwa na mnara wa taa uliojengwa na wazee kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Bila taa ile, vyombo vya baharini vingekwisha miambani. Kila mwaka, masika yakiisha, chokaa ya nje ilikuwa imedondoka, na mji mzima ulitoka kuupaka upya, wanawake wakikoroga, wanaume wakipanda, pilau ikipikwa chini.

Mtunza taa, Shekuwe, aliupenda mnara ule sana. Kuuona ukibanduka kulimtia uchungu. Mwaka mmoja akawashawishi watu waupige plasta ya saruji, wapumzike. Wakakubali. Mnara ukatoka laini na mgumu, na wenye mji wakamvisha Shekuwe joho mbele ya watu.

Masika yakaja, hakikudondoka kitu. Sifa zikazidi. Lakini Shekuwe, akipanda ndani kwenda kuwasha taa, alianza kukuta mchanga kwenye vidato vya ngazi. Akaushika ukuta. Ulikuwa umelowa, na jiwe likamegeka mkononi kama mkate uliochovywa chai. Unyevu na chumvi, vilivyozoea kutoka nje kupitia chokaa, sasa vilikuwa vimefungiwa ndani, vinakula mawe. Kumbe chokaa ilikuwa ikiliwa ili jiwe lisiliwe.

“Baba Lali, umevishwa joho kwa kazi hii,” mkewe, Bi Somoe, alimwambia. “Ukiibomoa, uso tutauweka wapi?”

“Na mnara ukianguka, joho hilo nitalivaa niende wapi?”

Bi Somoe akalikunja joho, akalitia sandukuni.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, walimkuta juu ya jukwaa, nyundo na tindo mkononi, akibandua saruji.

“Shekuwe, akili zimekuruka?” imamu aliuliza.

“Nilikosea, jamaa zangu. Niliupenda nisiujue. Niacheni niuvue kabla haujafa.”

Watu wakanung’unika, maana jasho lao nalo lilikuwa pale. Bi Somoe akajifunga kanga kiunoni, akaenda kufukua shimo walimohifadhi chokaa. Alipopita mbele yao akasema, “Ukuta wa chokaa hauvishwi saruji. Mnangoja nini?”

Wakamfuata, wengine wakiguna.

Kuibandua saruji kulikuwa kazi ngumu kuliko kuipiga, na mawe mengine yalitoka nayo. Lakini mnara ulipona. Hadi leo unadondoka kila mwaka na kupakwa kila mwaka. Mimi namheshimu Shekuwe kuliko hata walioujenga. Kubomoa kazi uliyosifiwa, mchana, mbele ya waliokusifu, si kila mwanamume anaweza.

Nanyi mtapenda, wanangu, na mtataka kumkinga mtu asipungukiwe hata na chembe. Kabla ya kumfunika, mjueni anavyopumua. Ukuta wa chokaa hauvishwi saruji.