Mama Aliyeitikia Vibaya

Mama mmoja mjane alikuwa na wana wawili na wimbo mmoja. Wana walikuwa watu wazima, wenye wake na watoto. Wimbo ulikuwa wa marehemu mume wake, Yoramu, aliyeutunga ujanani aliporudi kutoka mashamba ya mkonge. Waliishi katika kijiji cha milimani, kule kwenye baridi, ambako mvua za Desemba huja pamoja na ulanzi, na ulanzi huja pamoja na Krismasi.

Katika kijiji hicho, tangu siku ya pili ya Krismasi mpaka mwaka mpya, watu hutoka palizi mchana wakaenda kilabuni na matope yao miguuni. Wanakunywa ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi michanga, na wanaimba. Hawaimbi ovyo. Kila nyumba ina wimbo wake, na kila wimbo una pande mbili: mmoja wa nyumba ile anauliza, mwingine wa nyumba ileile anajibu, kisha kilabu kizima kinaitikia. Nyumba huitwa kwa zamu. Wimbo ulioitwa Krismasi tatu mfululizo bila kujibiwa huondolewa kwenye zamu, na nafasi yake hupewa nyumba nyingine. Hakuna anayegomba. Watu huinamisha vichwa kidogo, halafu inaitwa nyumba inayofuata.

Wakati wa uhai wake, Yoramu alisimama karibu na moto akauliza, na mwanawe wa pili, Lameki, alijibu kutoka mlangoni. Yoramu alipokufa, swali likawa la Obedi, mwanawe wa kwanza. Jibu likabaki la Lameki.

Lakini Lameki hakuwapo baba yake alipokufa. Alikuwa mbali, kwenye kazi ya kupasua mbao, na mvua ilikuwa imekata barabara. Obedi alikaa na maiti ya baba yake siku mbili bila kulala. Siku ya tatu majirani walimwambia kwamba mwili hauwezi kungoja tena, wakazika. Jioni ileile Lameki akafika kwa miguu, tope mpaka magotini, amebeba kwapani blanketi jipya la kumfunika baba yake ndani ya jeneza. Alikuta tuta la udongo. Akamwuliza kaka yake, "Hamkuweza kunisubiri?" Obedi alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Alimjibu neno moja tu: "Ungewahi."

Hakulisema kwa chuki. Lakini neno la mtu aliyechoka linaumiza sawasawa na la mtu mwenye chuki, na aliyeumizwa hana namna ya kuyatofautisha. Lameki alihamia ng'ambo ya bonde akajenga huko. Alikuja kumwona mama yake kila Jumapili, akamletea kuni, akampasulia, akamwagilia miche yake ya kabichi. Akimwona kaka yake anakuja, alichukua shoka lake akaondoka.

Krismasi ya kwanza baada ya mazishi, nyumba ya Yoramu iliitwa. Obedi aliuliza mara tatu, kama desturi inavyoruhusu. Lameki alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, amewapa watu mgongo, anatazama mvua. Hakujibu. Krismasi ya pili ikawa vilevile. Watu walishangaa kwa nini anakuja. Mtu asiyetaka kuimba angeweza kubaki nyumbani kwake. Lameki alikuja kila mwaka, akanyamaza, na akishanyamaza alikaa mpaka mtu wa mwisho alipoondoka. Wakasema ni kiburi. Wakasema anakuja kumwaibisha kaka yake.

Mama yao hakusema kitu. Mwanzoni alikuwa amesema na huyu, akasema na yule, akalia mbele ya huyu, akanyamaza mbele ya yule, mpaka akachoka kusema. Macho yake yalikuwa yanaondoka, sikio moja limeziba na miguu imevimba. Alibakiwa na haja moja, nayo hakumwambia mtu, lakini kila mtu aliijua: kuusikia wimbo wa mume wake mzima, swali na jibu, mara moja kabla hajamfuata.

Krismasi ya tatu ikafika. Obedi alimshika mama yake mkono wakapanda kwenda kilabuni, wakipumzika kila kwenye mwinuko. Alipoingia, wanawake walimsogezea kigoda karibu na moto bila kuambiwa. Mmoja alikunja gunia akamwekea chini ya miguu. Mwingine alimtafutia ulanzi wa asubuhi ileile, ambao bado ni mtamu na haujawa mkali, akamshikisha kopo mikono yote miwili, akangoja mpaka alipoona ameshika vizuri.

Siku hiyo kulikuwa na mwanamke anayeosha makopo katika kilabu hicho. Jina lake Tusekile, na watu walimwita Mama Ipyana kwa jina la mtoto aliyekuwa mgongoni mwake. Alikuwa ameolewa kutoka Tukuyu, na alifika kijijini Yoramu akiwa tayari kaburini. Tangu asubuhi alikuwa ameinama kwenye beseni. Mtoto alikuwa na mafua, hakulala usiku, na mama yake hakulala naye. Alichotaka ni makopo yaishe aende akalale.

Mshika zamu aliitwa Kastori, mtu wa maneno mengi, mwenye fimbo fupi mkononi. Akiinua fimbo, nyumba inaimba. Akiishusha, imekwisha. Alikuwa ametoka kuwaimbisha watu wa nyumba ya juu.

"Haya, mmeimba kama mnaofukuza nguruwe kwenye mahindi," aliwaambia. "Ila tumewasikia. Na nguruwe wamesikia. Kaeni."

Watu wakacheka. Kisha Kastori akatazama chini, akasema kwa sauti nyingine, "Nyumba ya Yoramu." Kicheko kikaisha.

Obedi akasimama karibu na moto. Alikuwa na mvi ambazo mwaka uliopita hakuwa nazo. Akaimba swali:

"Nani huyo mlangoni, na mvua inanyesha?"

Mvua yenyewe ilikuwa inanyesha. Waliokaa karibu na mlango walimtazama Lameki mgongoni. Lameki alizungusha kopo lake mkononi, mara moja, mara mbili.

"Nani huyo mlangoni, na mvua inanyesha?"

"Jibu basi, shemeji," mwanamke mmoja alinong'ona. "Mama yako amechoka."

Lameki alikunywa. Obedi akauliza mara ya tatu, na safari hii sauti yake haikufika mwisho wa maneno. Kastori alianza kushusha fimbo. Aliishusha polepole, kwa maana hata yeye hakupenda kazi ile.

Tusekile alikuwa amesimama na beseni karibu na mlango wa nyuma. Kutoka pale alimwona yule mama mjane. Alimwona amegeuza kichwa, amelielekeza kwenye mlango lile sikio lake linalosikia, na amezuia pumzi ili asije akapitwa. Tusekile alimtazama akashindwa kuvumilia. Hakuwa mtu wa nyumba ile. Hakuwa na haki ya kujibu. Hata jibu lenyewe hakulijua, kwa kuwa tangu aje kijijini halikuwahi kuimbwa. Alifikiri tu: ni nani anayebisha hodi watu wakiwa ndani na mvua inanyesha? Bila shaka ni mgeni. Akafungua kinywa akaimba:

"Ni mgeni, mwenye nyumba, napita tu."

Kilabu kizima kikaangua kicheko. Si kwa ubaya. Walikuwa wamebana vifua muda mrefu.

"We Mama Ipyana!" Kastori akapaza sauti. "Tangu lini Tukuyu ikawa nyumba ya Yoramu? Osha makopo, mama, wimbo tuachie wenyewe."

"Na sauti hiyo!" mwingine akadakia. "Mlango wa ghala langu unalia vizuri kuliko wewe."

Tusekile aliinamia beseni lake. Masikio yalimwaka moto, na alitamani ardhi ile ya udongo immeze pamoja na mtoto. Lakini Obedi alikuwa bado amesimama. Alikuwa ameuliza swali lile kwa miaka mitatu na leo ndiyo mara ya kwanza sauti ya mtu kumrudia. Hakujua afanye nini na jibu, hata likiwa bovu. Basi akaendelea na swali la pili, kama mtu anayetembea usingizini:

"Mbona miguu ina tope, umetoka wapi?"

Na Tusekile, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, na kwa kuwa yule mama mjane alikuwa bado amezuia pumzi, akajibu tena, kwa sauti ndogo zaidi:

"Natoka mbali, wala sitakaa."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Benchi la mlangoni likalia. Lameki alikuwa ameweka kopo chini. Hakugeuka.

"Siyo hivyo," alisema. "Wimbo wa Baba hauna mgeni."

Fimbo ya Kastori ilikuwa hewani, si juu wala si chini. Ndipo mama yao, ambaye hakuwa ameomba kitu tangu mwaka ule wa kwanza, akasema kutoka karibu na moto:

"Basi tusikie, mwanangu, una nani."

Walimwona Lameki anapumua kwa mabega. Mwisho akaimba, uso wake ukiwa umeelekea nje kwenye mvua, ili asimwone mtu:

"Ni wa kwenu, fungua. Nimechelewa, lakini nimefika."

Watu wale walikuwa wamelisikia jibu hilo miaka mingi, wakiliitikia huku wanapiga makofi na kucheza. Siku hiyo walilisikia upya. Walimkumbuka mtu mwenye blanketi kwapani na tope magotini. Wakajua kwamba miaka yote mitatu alikuja pale akitaka kusema, na kila mwaka neno lile la kuchelewa lilimkwama kooni. Walikuwa wameliita kiburi.

Sasa zamu ikarudi kwa Obedi, kwa maana wimbo wa Yoramu una neno la mwisho, nalo ni la yule aliyeko ndani. Obedi alilijua tangu utoto. Alifungua mdomo likagoma. Alisimama pale akitazama mgongo wa ndugu yake, na kila aliyekuwa kilabuni aliona kwamba siku ile kaburini alilijua pia, na badala yake alisema lingine. Akajaribu tena. Likatoka kidogo kidogo, limepasuka, halina hata sauti ya kuimba:

"Ingia, ndugu. Moto haujazimika."

Kilabu kikaitikia. Waliitikia taratibu, bila makofi, mpaka mwisho. Mama mjane akaachia pumzi yake. Hakulia. Alisema amechoka, anataka kwenda nyumbani.

Wale ndugu hawakukumbatiana. Mambo ya miaka mitatu hayaishi kwa wimbo mmoja, na wote wawili walikuwa wamechoka mno kujifanya yameisha. Obedi alimwinua mama yake. Walipofika mlangoni, Lameki alisogeza benchi ili apite, na kwa kuwa njia ilikuwa ya utelezi, akamshika mkono wa pili. Wakateremka watu watatu kwenye mvua, bila kusemezana, wakienda mwendo wa yule mwenye miguu iliyovimba.

Kastori alitangaza kwamba wimbo wa nyumba ya Yoramu unabaki kwenye zamu, akaita nyumba nyingine, na watu wakaimba. Hakuna aliyemshukuru Tusekile, kwa maana hakuna aliyeona kama amefanya kitu. Aliitikia vibaya, wakacheka, basi. Mtoto aliamka akalia. Mwanamke mmoja mzee akaja bila neno, akamfungua mtoto mgongoni, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akavuta nusu ya makopo upande wake akaanza kuosha.

Ndugu yangu unayejua kuimba na unayejua ni haki ya nani kujibu: ikiwa katika nyumba yenu yumo aliyekaa mlangoni mwaka wa tatu, jibu likiwa limemkwama kooni, je, uko tayari kukosea mbele za watu, wakucheke, ili yeye apate pa kuanzia?