Pango Lililoonekana kwa Darubini

Wapendwa, palikuwa na bwana mmoja aliyeandika kitabu cha kupanda mlima. Kitabu kizuri, kina ramani na picha, na kila aliyetaka kuupanda mlima ule alikitia kwenye begi kabla hajatia mkate.

Njia zote alizoziandika alizipanda kwa miguu yake, isipokuwa moja. Upande wa mashariki alifika bondeni, magoti yakagoma. Akatoa darubini, akaona juu mwambani kitu cheusi kama mlango. Akaandika: "Mvua ikikukuta upande huu, usishuke. Panda kwenye pango, watu sita wanalala bila shida." Sita! Aliwalaza lini? Lakini kitabu kikasomwa, bwana akapigiwa makofi, na pango likawa pango.

Alikuwa na binti mmoja, ndiye roho yake. Siku moja binti akapanda upande ule wa mashariki na rafiki yake. Mchana ikaanguka mvua ya mawe. Jioni rafiki akashuka peke yake, analia, tope mpaka magotini.

"Mwenzio yuko wapi?" wakamuuliza.

"Nilimsihi tushuke, akakataa. Akasema, 'Baba yangu ameandika kuna pango.' Akapanda."

Wanaume waliokuwa wameshashika kamba na tochi wakashusha pumzi. "Mungu mkubwa! Kama yuko pangoni, yuko salama. Mzee, tusihatarishe watu kwa mvua hii, tutamfuata asubuhi. Au unasemaje?"

Niambieni, ninyi mngesema nini? Neno moja tu lilitakiwa: sijafika. Bwana akafungua mdomo. Akawatazama wale watu, wote humwita mwalimu. Akajiambia, huenda ni pango kweli. Kisha akasema, "Sawa. Tusubiri asubuhi."

Asubuhi walimkuta binti chini ya mwamba, amekufa kwa baridi. Pango halikuwapo. Ule weusi ulikuwa maji tu, yametiririka na kulowesha jiwe. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka, kucha zimeng'oka. Alikuwa ameupapasa mwamba toka huku mpaka kule, akiutafuta mlango wa baba yake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, ikapanda mpaka mwambani, na aliyefika mwisho wake hakuwa mwongo mwenyewe.

Sasa tusimlaani haraka yule bwana. Si sisi tunaowaambia watoto wetu, "Shida ikikufika piga magoti, Mungu ni kimbilio"? Je, sisi tumelala humo hata siku moja? Au tumeliona kwa mbali, tukasikia mchungaji akilisifu, tukaandika? Baba uliyekaa hapo nyuma, ni lini mtoto wako alikukuta unaomba? Ninaumia kusema haya, lakini nitasema. Mvua yao itakuja, nao watapanda pale pale tulipowaelekeza, kwa sababu wanatuamini. Watapapasa jiwe.

Kama hujafika, mwambie mwanao leo, mkiwa bado mezani: "Mwanangu, huko sijafika. Twende wote." Ni aibu, najua. Yule bwana aliikwepa aibu hiyo jioni, na asubuhi akashika upande mmoja wa machela.