Kitanda Kilichorudi Kwao

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelishwa makande ya jana? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa.

Hapo zamani za kale, katika kijiji nisichokitaja kwa sababu wajukuu zao bado wana hasira, alikuwapo bwana mmoja, Msoga. Msoga alipenda mbao kupita kiasi. Akiona mninga, anakata. Ko, ko, ko, akachonga mlango. Ko, ko, ko, akachonga vigoda. Ko, ko, ko, akachonga kitanda kikubwa, mkewe Kalunde alale vizuri, maana alikuwa mjamzito. Matawi akayachoma moto. Hakupanda hata mche mmoja. Kilima kikabaki na upara, kijito kikakauka, na joto likazidi hata kuku wakawa wanataga mayai yaliyokwisha kuiva.

Mchana mmoja mlango uling'oka, ukaondoka. Nyuma yake vigoda, kwata, kwata, kwata. Mwisho kitanda, na Kalunde juu yake, kwata, kwata, kwata, vikavuka kijito kuelekea msitu uliobaki ng'ambo.

Msoga akakimbilia kwa Bi Milembe, mshenga wa kijiji kizima. Mungu amrehemu bibi yule, hakuna aliyeoa bila yeye.

"Bibi, kitanda kimemchukua mke wangu."

Bi Milembe hakushtuka. "Ulikiposa?"

"Kitanda, bibi?"

"Mahari ulipeleka kwao?"

"Kwao wapi? Si mti tu ule?"

"Basi ulitorosha watoto wa watu, na sasa wamerudi kwao. Chukua jembe, twende."

Huko msituni kulikuwa na ubaridi mtamu. Kalunde alikuwa amejinyoosha kitandani, kivulini, anakula asali.

"Kalunde, turudi nyumbani," Msoga akasema.

"Kwenye lile tanuri? Mwanangu aive? Siendi."

Msoga akalia. Alilia kweli, maana alimpenda sana mwanamke yule.

Bi Milembe akapiga goti mbele ya mninga mkongwe, mjomba wa kitanda. Mnawajua wajomba siku ya mahari. Huyu akaanza kudai ng'ombe.

"Ng'ombe wa nini?" akauliza Bi Milembe. "Atakula miche, watoto wako wote."

Mjomba akafikiri, shwaa, shwaa. "Kweli. Wewe wasemaje?"

"Kijana ataitumikia mahari. Apande miche kule kilimani, aimwagilie mpaka itoe kivuli. Na siku nyingine akitaka mbao, aje kuposa kwanza."

Msoga akatumika. Akachimba, akapanda, akabeba maji, vigoda vimeketi vinamsimamia. Mtoto akazaliwa kule msituni, akaota meno, akaanza kutembea, baba bado anamwagilia. Kidogo kidogo kilima kikavaa majani. Mvua ikarudi, kijito kikajaa.

Asubuhi moja ikasikika: kwata, kwata, kwata.

Msoga akatupa ndoo. "Kalunde, umerudi kwangu?"

"Nimefuata kivuli," akasema Kalunde, akishuka kitandani na mtoto. Kisha akamtazama mumewe alivyokonda, viganja vimejaa sugu. "Ila kivuli umekipanda wewe. Basi nimerudi kwako."

Tangu siku ile watu wale walikata miti, wakajenga, wakalalia vitanda, na msitu haukupungua. Kukata mti si kosa, wanangu. Kosa ni kuutorosha kwao bila kurudisha kitu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesinzia, shauri yake.