Jina la Mdogo Wake Siwema

Hapo zamani, wala si zamani sana, katika kijiji cha wakulima wa mpunga, aliishi Mwanaidi na mwanawe Siwema, mtoto wa miaka miwili aliyekula wali mweupe tu. Mchuzi hataki, samaki hataki, boga hataki. Jani moja la mboga likigusa wali wake, anaisukuma sahani nzima na kufunga mdomo, na mdomo huo haufunguki hata kwa nyimbo.

Mwanaidi alijaribu yote. Alimbembeleza, akamkimbiza na tonge kuzunguka nyumba. Siku moja akauficha mchicha chini ya wali. Siwema akaugundua, na tangu hapo hata wali wenyewe akawa anaufukua kwanza. Mtoto akakonda. Mwanaidi naye alikuwa na mimba ya miezi minane, akaogopa kwamba akijifungua hatakuwa na nguvu za kushindana na mdomo ule. Akalia mbele ya wanawake watatu, akasema, "Atakayemfanya mwanangu ale, huyu wa tumboni akiwa wa kike, atabeba jina lake."

Wakamwambia sawa, ila aache kumkimbiza.

Wa kwanza alikuwa mama mkwe wake, Bi Mize. Kila mchana aliweka mchicha kidogo pembeni mwa sahani ya Siwema, asiseme neno. Siwema hakuugusa, ukaenda kwa kuku. Kesho yake akaweka tena, ukaenda kwa kuku. Kuku wakanenepa mpaka majirani wakauliza wanalishwa nini.

Wa pili alikuwa wifi yake, Raya. Alimpimia Siwema tuta lake mwenyewe na kumpa kopo la kumwagilia. Wakapanda mchicha pamoja, wakapalilia pamoja, na kila asubuhi Siwema akawa anakwenda kuusalimia.

Wa tatu alikuwa jirani, Bi Mboja, ambaye hakujaliwa mtoto. Yeye alikuja kila mchana, akakaa mkekani na Siwema, akala. Alikula mboga kwa raha zake, akilamba vidole, wala hakumwambia mtoto aonje.

Siku ya thelathini na saba, mchicha wa Siwema ukawa tayari. Akauchuma na Raya. Bi Mize akaupika kwa nazi, akaweka kidogo pembeni kama kawaida. Siwema akauchota kwa vidole, akamlisha Bi Mboja kwanza. Akamtazama anavyotafuna. Kisha akachota mwingine, akautia kinywani mwake, akasema, "Tena."

Mwanaidi aligeukia ukutani, akalia kwa furaha.

Wiki hiyohiyo akajifungua mtoto wa kike. Siku ya saba, siku ya kumpa jina, wale watatu wakaja wamejipamba.

"Mchicha wa watu aliowekewa siku zote hizo, hakuugusa," Raya alisema. "Alikula alioupanda yeye, na aliyempa tuta ni mimi."

"Ningechoka siku ya thelathini na sita, huo wako angeukimbia," Bi Mize akamjibu. "Mimi ndiye niliyemzoesha kuuona."

Bi Mboja alitazama vidole vyake. "Mimi nilikula tu," alisema. "Lakini alipotaka kujua kama unalika, alikuja kuuliza kwangu."

Baba mtoto akachungulia mlangoni, akashauri aitwe Mchicha. Akafukuzwa.

Mwanaidi akawatazama mmoja mmoja, na wote aliwapenda. Alijua Bi Mboja hana mwingine wa kubeba jina lake. Alijua pia kwamba alichoahidi hakikuwa huruma bali malipo. Kando yake Siwema alikuwa ameshika kipande cha boga, anamngojea mdogo wake afungue mdomo.

Nami nimefika hapo, wenzangu, na mtoto bado hajaitwa. Je, nani alistahili jina: aliyeweka bila kuchoka, aliyeotesha, au aliyekula naye?