Ngozi ya Kishindo

Siku hizi kondoo dume akipita njiani na ngozi imefungwa tumboni, watoto hucheka. Wacheke tu. Zamani walicheka watu wazima, tena kwa meno yote, na kicheko kikaja kuwarudia nyumbani.

Zamani hizo, huko juu milimani Upare ambako ukungu hulala na watu, kondoo dume hakuwa na majira. Kila mji ulikuwa na majike wawili au watatu, na kila mji ulifuga dume wake, maana wanaume waliamini kwamba zizi lisilo na dume ni nyumba isiyo na mume. Madume walikula majani ya majike, wakapanda walipojisikia, na hakuna aliyewauliza. Nani angemfundisha dume adabu, na mwenye zizi mwenyewe hana?

Vuli iliponyesha, majani yakachipua, majike wakanenepa na kupandwa. Mimba ya kondoo ni miezi mitano, na mimba ya vuli huzaliwa katikati ya masika, tope likiwa magotini. Wanakondoo waliangukia topeni, wakatetemeka, wakafa. Mama zao walikonda kwa baridi, na kipupwe kizima hawakutaka hata kumtazama dume, mpaka vuli iwanenepeshe tena. Watu wakasema ni jicho la husuda. Wakatambika, wakala nyama ya tambiko, wakajifuta midomo, na mwaka uliofuata wakarudia lile lile.

Katika watu hao alikuwepo mwanamke aitwaye Namsemba, mjane wa mhunzi. Mumewe alimwachia majike wawili, dume mmoja jina lake Kishindo, na shemeji. Kati ya hao wanne, shemeji ndiye aliyekula sana na kuzaa matunda kidogo.

Shemeji huyo aliitwa Mrindoko. Desturi ya wakati ule ilikuwa kwamba zizi la mjane likinyamaza, asibaki kondoo wa kulia, mjane huzima moto wake na kuhamia jikoni kwa shemeji, na uwanja wake huwa wa shemeji. Uwanja wa Namsemba ulikuwa karibu na chemchemi. Kwa hiyo kila asubuhi Mrindoko alipita kusalimia.

“Shemeji, kondoo wameamkaje?”

“Wameamka kwa miguu minne, shemeji, kama jana. Nenda ukanywe uji.”

Lakini moyoni Namsemba hakuwa na raha. Masika mbili mfululizo alizika wanakondoo wote. Majike wake walikuwa wanaingia uzeeni, na hakuna wa kuwarithi. Jikoni kwa Mrindoko alikujua: wake wawili, moshi mwingi, na chungu kimoja. Akasema afadhali alale zizini.

Akakaa akawaza. Hakuwaza husuda, aliwaza majani. Kama jike atapandwa masika inapoisha, akiwa amenona, atazaa vuli inapoanza, majani mabichi yakichipua na jua likiwaka mchana. Kazi ni kumzuia Kishindo tangu vuli mpaka masika ipite. Kumfunga kamba alishindwa, dume alikata kamba tatu. Kumtenga alishindwa, aliruka ua. Ndipo macho yake yakaangukia ukutani, palipotundikwa ngozi ya mumewe, ile aliyoivaa kiunoni akifua chuma ili cheche zisimuunguze. Ngozi nene, imekomaa, haina wa kuivaa.

Akamfunga Kishindo ngozi hiyo tumboni. Ikaning'inia kama pazia mbele ya kile alichojivunia. Alipopanda, ngozi ikatangulia, akashuka ameduwaa.

Mlima mzima ulikuja kutazama. “Namsemba kamvisha dume nguo za mwali!” wakasema. “Lini tunamcheza ngoma?” Jirani yake Nambike akacheka mpaka akakaa chini.

Mrindoko hakucheka. “Unamvisha mnyama ngozi ya ndugu yangu?”

“Ndugu yako hana haja nayo tena, shemeji. Na huyu anafanya kazi zaidi yake. Mungu amrehemu, alipenda kulala.”

Siku moja ya vuli Namsemba akiwa shambani, Mrindoko aliingia zizini akaifungua ngozi, akaondoka nayo. Jioni, penye pombe, akajigamba mbele ya wazee: “Mimi ndiye niliyefungua! Mwanamke hawezi kufunga alichokiumba Mungu.” Wazee wakapiga makofi. Pombe ilikuwa yake.

Namsemba aliporudi alimkuta Kishindo amelala, anacheua, ametulia kama mzee aliyetoka harusini. Kumbe nyuma ya zizi palikuwa na ukingo wa udongo mwekundu uliolowa mvua, na Kishindo alikuwa na tabia ya kuusugua kwa kifua. Kifua chake kilikuwa chekundu. Namsemba akawatazama majike: mmoja kiuno cheupe, mwingine kiuno chekundu. Amepandwa mmoja tu.

Hakulia. Akamswaga yule mwekundu mpaka penye pombe, ambako majigambo ya Mrindoko yalisikika hadi njiani, akamsimamisha katikati ya wazee.

“Mmesikia nani kafungua?”

“Tumesikia,” wakasema. Wangesema nini tena?

“Basi aliyefungua ndiye baba. Huyu akizaa masika, mtoto atalelewa na Mrindoko, penye moto wake. Akifa, watu wajue nani kaua zizi langu.”

Wanawake waliokuwa wakipika wakapiga vigelegele. Mrindoko akainamia kibuyu chake. Neno lake alikuwa keshalisema.

Namsemba akaenda zake na jike wake. Akashona ngozi nyingine kutoka ngozi ya ng'ombe aliyopewa na Nambike, ambaye sasa kicheko kilikuwa kimempungua. Akaifunga kwa fundo ambalo yeye mwenyewe alihangaika kulifungua.

Masika ikaja na matope yake. Jike mwekundu akazaa mvua inanyesha, na Namsemba akamfunika mtoto kwa upande wa kanga, akampeleka pamoja na mama yake kwa Mrindoko. “Mtoto wako, shemeji.” Akageuka.

Kilichofuata mlima ulikisimulia miaka. Mrindoko alikaa na mwanakondoo mapajani, anakohoa moshi, anamsugua miguu, anamshika mama mtu ili mtoto anyonye. Alikojolewa. Wake zake walikataa kumsaidia, wakasema wao hawakufungua kitu. Baridi ilipozidi, alimfunga mtoto kwa ile ngozi ya mhunzi, nguo pekee nyumbani isiyopitisha maji. Huko nje, wanakondoo wake watatu walikufa topeni, na wa jirani, na wa jirani ya jirani. Yule wa mapajani akaishi. Mlima mzima, mlio ulikuwa mmoja, na ulitoka jikoni kwa Mrindoko.

Masika ilipoisha Namsemba alifungua fundo. Kabla ya hapo alimpaka Kishindo kifuani udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya mkia wa kondoo, ili asibahatishe tena. Siku ya pili kiuno cheupe kikawa chekundu. Na vuli ilipoanza, jua la saa nne likiwaka juu ya majani mabichi, jike yule alizaa pacha. Walisimama kabla mama yao hajamaliza kuwalamba.

Asubuhi ile Mrindoko alipita. Hakuuliza kondoo wameamkaje, aliwasikia. Mkononi alikuwa na ngozi ya ndugu yake, ameipaka mafuta mpaka inang'aa.

“Shemeji,” alisema, akitazama pembeni, “masika ikiisha, naomba Kishindo aje na kwangu. Dume wangu nimemla.”

“Alikuwa mtamu?”

“Mgumu.”

“Wanafanana na wenye zizi. Haya, ingia, uji upo.”

Na tangu siku hiyo, kule juu, si kila mji hufuga dume. Hufugwa mmoja, hufungwa ngozi vuli inapoanza, na afungaye ni mwanamke. Masika ikiisha hufunguliwa, hupakwa kifua, hutembezwa mji kwa mji kama mgeni wa heshima, na viuno vikishakuwa vyekundu huhamia kwa jirani. Zizi la mjane hutangulia, na hakuna tena wa kumwambia azime moto wake. Anayefungua ngozi kabla ya wakati, hata awe mkubwa namna gani, hulea mtoto mapajani.

Na mkimwona kondoo dume anamnusa jike, kisha anainua kichwa na kukunja mdomo wa juu, ufizi nje, msidhani ananusa tu. Anacheka, amemkumbuka Mrindoko.