Domokaya wa Ngazi Saba

Sogeeni. Hadithi hii haina mfalme wala jini. Ina nafasi moja ya kazi na watu watatu walioistahili, au wasioistahili, mtajua wenyewe. Anayengoja harusi mwishoni aondoke mapema asije akanilaumu.

Ilikuwa milimani Rungwe, kwenye chuo kimoja cha ualimu, mahali ambapo mvua ndiyo pekee yenye ajira ya kudumu. Chuo kilikuwa na vibarua watatu wa bustani, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mama Lugano alikuwa na vidole. Punje ya ulezi ikidondoka kwenye mchanga, aliiokota huku anaongea na jirani, bila kutazama chini.

Mzee Ambakisye alikuwa na ukucha wa kidole gumba, mgumu kama kijembe, na moyo wa kukata pale wengine wanapoona huruma. Maneno hakuwa nayo. Siku akitoa sentensi mbili, watu walimuuliza kama anaumwa.

Subilaga alikuwa na macho. Aliona ugonjwa wa jani kabla jani lenyewe halijajua. Alikuwa pia na digrii ya botania, lakini hiyo aliificha kama mtu anavyoficha kidonda. Miaka mitano aliandika *To whom it may concern*, na haikumhusu yeyote. Akajibiwa *We regret to inform you* na watu wasiojuta hata chembe. Mwisho akajaza fomu ya kibarua, na penye elimu akaandika "kidato cha nne". Kijijini, mama yake alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti ni ofisa mimea. Basi ofisa mimea alivaa kofia pana, akaishusha hadi kwenye nyusi kila mkufunzi wa rika lake alipomkuta na ndoo mkononi.

Siku moja mkuu wa chuo, Madam Tusekile, aliwaita akawapa pakiti za mbegu.

"*Snapdragon*," alisoma. "Nayataka kando ya njia, toka getini hadi ukumbini, na kwenye vyungu kumi na viwili vya mlangoni. Mahafali ni baada ya miezi mitano. Yakichanua vizuri, nitamwajiri mmoja wenu. Ajira kamili, na bima. Mmoja tu, jamani. Kibali cha wawili sina."

Mama Lugano aliitazama picha kwenye pakiti, akacheka. "Haya! Tuliyapanda misheni nikiwa msichana. Ukilibana ua mashavu, linafumbua mdomo. Sisi tuliyaita domokaya."

Jina likanasa.

Mbegu zilikuwa vumbi. Ukipiga chafya umepoteza bustani nzima. Subilaga alitaka zifunikwe udongo kidogo, Mama Lugano akamshika mkono. "Kitu kidogo hivi, mwanangu, ukikizika kitaamini kimekufa." Alizichanganya na mchanga mkavu, akazinyunyiza juu ya trei kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa wageni, akazigandamiza kwa ubao, na hakuzifunika. Maji hakumwaga juu. Aliweka trei ndani ya beseni, udongo ukanywa kutokea chini. Baada ya wiki mbili miche mia tatu ilikuwa imesimama. Kama si Mama Lugano, wangemwagilia udongo mtupu mpaka leo.

Miche ilihamishiwa kwenye matuta na vyungu. Ilipofika kimo cha shibiri, Mzee Ambakisye alikuja Jumamosi peke yake, akainamia mche mmoja baada ya mwingine, na kwa ule ukucha wake akakata kichwa cha kila mmoja. Yote mia tatu. Hakumuuliza mtu, hakumweleza mtu. Kama si Mzee Ambakisye, kila mche ungetoa ua moja refu, na mvua moja ya Rungwe ingelilaza chini kama mlevi.

Lakini Jumatatu asubuhi hayo hayakuonekana. Kilichoonekana ni vigutu mia tatu.

Subilaga alikimbia ofisini. Ofisi ilikuwa juu ya ngazi saba. Alipokanyaga ya tatu, akakumbuka. Mwaka wa pili, swali la nne: *apical dominance*. Kata ncha ya juu, na machipukizi ya pembeni yataamka. Alipata A. Mhadhiri aliandika pembeni *Excellent*.

Zilibaki ngazi nne. Alisimama hapo akifikiri juu ya nafasi moja, na watu watatu, na mama yake kanisani.

Akapanda.

"Madam," alisema, "Mzee Ambakisye amekata vichwa vya miche yote."

Kila neno lilikuwa la kweli. Hapo ndipo ubaya ulipo; hakubakiwa na hata neno moja la uongo la kulitubia.

Madam alishuka mbio. "Mzee, ni wewe uliyekata?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Yazidi."

"Yazidi! Unakata ili yazidi! Kesho usije."

Mzee alijifuta ukucha kwenye suruali, akasema, "Ndaga," kama mtu anayeshukuru kwa chai, akaondoka zake. Mama Lugano alikuwa ameinama kwenye chungu cha tano. Aliendelea kuinama.

Wiki mbili baadaye kila kigutu kilikuwa na machipukizi manne, vingine matano. Madam alipita, akasema, "Afadhali tulimwahi." Subilaga akashusha kofia.

Kisha ikaja kutu ya majani. Subilaga ndiye aliyeona, asubuhi moja ya ukungu, unga wa kahawia chini ya jani moja, kwenye mche mmoja. Hakula mchana ule. Aliyachuma majani yote yenye madoa akayachoma moto, akang'oa miche iliyobanana ili upepo upite, akapiga marufuku kumwagilia majani, akawa anamwaga maji shinani kwa birika, alfajiri, mche kwa mche. Mvua ilipozidi, alijenga kibanda cha nailoni na mianzi juu ya matuta. Kama si Subilaga, mahafali yangefanyikia jaani.

Mnapima? Endeleeni kupima.

Siku ya mahafali njia nzima iliwaka: mekundu, ya manjano, ya waridi, kila mche na mikuki minne au mitano ya maua. Mgeni rasmi, mama mmoja mwenye bustani yake mjini, aligoma kuingia ukumbini.

"Mimi haya hunitolea ua moja, tena legevu. Nyinyi mmeyafanyaje?"

Madam alimsukuma Subilaga mbele kwa fahari, kipaza sauti kikatiwa mkononi mwake. "Huyu hapa, mheshimiwa! Leo leo namwajiri. Mweleze, binti."

Wageni walikuwa wamekaa kwenye viti vya nje. Safu ya nyuma, ndani ya koti la heshima, alikaa Mzee Ambakisye. Mjukuu wake alikuwa anahitimu.

"Yalikatwa vichwa, mheshimiwa," Subilaga alisema.

"Na nani?"

Akashusha kofia. Ndipo mzee akainuka.

"Nilikata mimi. Lakini aliyeyaponya kutu ni binti huyo. Nilikuwa napita barabarani, namwona na birika lake. Mpeni kazi."

Sentensi nne! Waliomjua wakageuza shingo.

Kama angemtukana, Subilaga angejitetea. Alivua kofia. "Mimi ndiye niliyemchongea," alisema, na kipaza sauti kikapeleka hadi barabarani. "Tena nilijua. Nina digrii ya mimea. Nilijua anafanya nini, nikapanda ngazi hivyo hivyo."

"Digrii, na anabeba birika!" mhitimu mmoja akapiga kelele. Wenzake wakacheka. Wacheke tu, foleni yao ya ajira inaanza kesho.

"Msimcheke peke yake," alisema Mama Lugano, macho chini. "Tangu misheni najua domokaya hukatwa kichwa. Nilimwona binti akienda ofisini, nikanyamaza. Nilisema moyoni, tumebaki wawili."

"Na mimi," mzee alinong'ona, "nilishindwa kueleza. Neno moja tu."

Madam Tusekile alikuwa na fomu ya ajira mkononi. Yeye naye hakuwa ameuliza mara ya pili, na uso wake ulionyesha kwamba amekumbuka. Kwa kukosa la kufanya, alichuma ua akalibana mashavu. Likafumbua mdomo. Halikusema kitu.

Wapishi walisema apewe aliyeotesha, maana bila mche hakuna cha kukata wala cha kuponya. Wakufunzi walisema apewe mzee, ndiye aliyedhulumiwa. Mgeni rasmi alisema apewe binti, kwa kuwa ameungama. "Kuungama nako ni kazi ya bustani?" mpishi akauliza.

Fomu ina mstari mmoja wa jina, nanyi mmesikia yote. Mngeandika nani? Na wewe unayetaka kujibu upesi, ngoja kwanza: ungekuwa umesimama kwenye ngazi ya tatu, nafasi ni moja, mama yako yuko kanisani anakutangaza, ungegeuka?