Tuta la Kwetu na Gari la Mjomba Hatibu

"Ukishusha gari, kumbuka tuta la kwenu."

Maneno hayo aliyasema jana mlezi wa bweni letu, alipomwona Mbwego wa kidato cha kwanza katika suruali ya shule aliyoipeleka kwa fundi ikapunguzwe. Ilikuwa imembana kama ganda linavyoubana muhogo. Mlezi akasema, akaenda zake, akawaacha wadogo wakitazamana. Ndipo wakaja kuniuliza mimi, maana niko kidato cha nne, na bwenini kwetu mtu wa kidato cha nne ni mzee. Ndevu hana, lakini ukoko wa wali ni haki yake.

Kaeni basi, wajukuu zangu. Mlezi ni mtu wa Muheza kama mimi, na methali hiyo ilizaliwa kijijini kwetu, tena katika ukoo wangu. Ilizaliwa hivi.

Mjomba wangu Hatibu Semkiwa alikuwa na gari dogo jeupe alilolinunua kwa biashara ya machungwa. Alikuwa pia na dada mmoja, Mwantumu, ambaye baadaye alipata bahati kubwa ya kunizaa mimi. Baba yao, alipokuwa akiumwa ugonjwa wake wa mwisho, alimshika Hatibu mkono akamwambia kwamba siku Mwantumu akiolewa, amtoe yeye, kwa gari lake, amfikishe mlangoni kwa mumewe. Hatibu akaahidi. Na katika ukoo wetu bibi harusi akishapanda gari mlangoni kwa baba yake hakanyagi ardhi mpaka mlangoni kwa mume. Akishuka njiani, wazee husema, ndoa nayo itashuka njiani.

Posa ilipokubaliwa, Hatibu alilitazama gari lake akaona halijafikia heshima ya marehemu. Akalipeleka gereji Tanga. Kule wakamfungia rimu pana zinazong'aa, na tairi nyembamba kama mdomo wa kikombe. Kisha fundi akamwambia kwamba rimu kama zile kwenye gari refu ni sawa na viatu vya ngozi kwenye miguu ya kuku. Springi zikakatwa. Gari likashuka, likalala.

Alirudi kijijini polepole, peke yake. Pale mahali pa kuingilia kijijini kuna tuta la udongo na mawe. Aliyeamuru lijengwe ni Hatibu mwenyewe, baada ya lori la machungwa kumkosakosa mtoto. Wenzake wa kamati ya kijiji walitaka tuta la kiasi. Yeye alisema liwe la kumfanya dereva akumbuke mama yake, na atakayeligusa kwa jembe atatozwa mbuzi. Siku hiyo ya kutoka gereji alilipanda kwa ubavu, tairi moja moja, kwa dua, akapita. Kijiji kizima kikatoka kulitazama gari. Shangazi yao, Mwanamvua, peke yake ndiye aliyeuliza kama linaumwa, mbona limekaa chini.

Siku ya harusi, Mwantumu akatolewa ndani akiwa amefunikwa, akapanda nyuma. Kulia kwake akakaa kungwi, kushoto Shangazi Mwanamvua, na mbele, juu ya kiti, sufuria ya pilau ya wakwe. Hakuna aliyewahi kulipima gari lile likiwa na shangazi ndani. Sisemi zaidi, ni bibi yangu. Tairi zikazama ndani ya bodi kama shingo ya kobe.

Walipofika kwenye tuta, Hatibu akalipanda kwa ubavu kama siku ile. Ukasikika mkwaruzo mrefu, kisha kimya. Gari limelalia tumbo, tairi zinazunguka hewani. Akashuka kungwi, kwa adabu. Akashuka shangazi, kwa maneno. Ikashushwa hata pilau. Gari halikutikisika. Akaja mtu na jembe, akakumbushwa mbuzi.

Wakati huo ikatokea pikapu ya watu wa upande wa bwana harusi, waliokuwa wamechoka kusubiri. Wakaona mambo, wakashauri kwa upole kwamba bibi harusi abebwe ahamishiwe kwao, asikanyage chini, na shughuli iendelee. Lilikuwa shauri jema, na lilimuumiza Hatibu kuliko matusi. Alisimama kando ya rimu zake zinazong'aa, ufunguo mkononi, akashindwa kuinua uso.

Mwantumu akashusha kioo.

"Kaka Hatibu."

"Naam, dada."

"Baba alisema nani anitoe?"

"Mimi."

"Basi sihami."

"Mwantumu, gari halitoki."

"Kama mtu anaweza kubebwa, na gari libebwe. Mie nipo ndani."

Watu wakacheka. Kisha wakaona kwamba hatanii, wakaanza kukunja mikono ya kanzu. Wachuma machungwa wakashika ubavuni. Nyuma akaja kijana mmoja mwembamba aliyeteremka kwenye pikapu, akashika bampa. Shangazi alipomtambua alitaka kuzimia, kwa kuwa bwana harusi hapaswi kuonekana huko kabla ya wakati wake. Ndiye baba yangu. Anadai mgongo unamuuma mpaka leo, hasa siku za kupalilia.

Wakalinyanyua, wakalivusha tuta, wakalitua upande wa pili kama yai. Hatibu akaingia kwenye usukani akifuta macho. Kabla hajawasha, dada yake akamgusa bega kutoka nyuma na kumwambia, bila hasira, "Siku nyingine, kaka, ukishusha gari, kumbuka tuta la kwenu."

Shangazi, kungwi na pilau wakapanda pikapu. Hatibu akamfikisha dada yake mlangoni kwa mumewe, kama alivyoahidi. Baadaye alirudisha springi ndefu. Rimu alibaki nazo, na ikifika Idi anazing'arisha. Tuta lipo vilevile, na aliyelitia mawe mapya mwaka jana ni yeye.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wajukuu zangu. Urembo si kosa, na suruali yako, Mbwego, imekupendeza, hilo hatulikatai. Ila umefika jana tu, hujaizunguka shule yote. Vyoo vyetu ni vya kuchuchumaa.

Ukishusha gari, mdogo wangu, kumbuka tuta la kwenu.